Amana ya Nchi na Siku ya Kuirudisha

Katika vijiji vya Mwika, na katika vijiji vyote vya mlimani Kilimanjaro, ni vigumu kupata mali yenye heshima kuliko kihamba. Humo mna migomba na kahawa, na humo wamelazwa wazee waliotangulia. Baba akifa na kumwacha mtoto mdogo, kihamba chake hakiachwi kiwe pori. Ndugu wa marehemu hukishika. Hupalilia migomba, huchuma kahawa, huzibua mfereji maji yapate kupita, na kwa mazao hayo humlisha mtoto na kumsomesha. Walakini watu wote wajua ya kwamba kihamba kile si chake. Ni amana tu. Mtoto akiisha kuwa mtu mzima, wazee hukutana, na aliyekishika hukirudisha mbele yao.

Katika jambo hili makosa matatu huweza kutokea. Kosa la kwanza, mlezi husahau kwamba mali si yake, na kila akiulizwa siku ya kuirudisha hujibu, "Bado." Kosa la pili, huirudisha ghafula, naye mrithi hajafundishwa hata kushika jembe. Kosa la tatu, huirudisha kwa maneno, lakini funguo za ghala hubaki mfukoni mwake. Mtume Paulo alipowaandikia Wagalatia alitumia mfano wa namna hii. Aliwakumbusha kwamba mrithi aliye mtoto hukaa chini ya wasimamizi, lakini baba yake amekwisha kuweka siku ya kukoma kwa usimamizi huo.

Nchi nzima nayo yaweza kuwekwa amana. Yetu iliwekwa hivyo kwa muda wa miaka karibu 40. Katika somo hili tutaona jinsi ilivyowekwa, na jinsi ilivyorudishwa. Kisha tutazitazama nchi nyingine zilizolindwa na askari wa mataifa, ili tujue kwa nini kuumaliza ulinzi vizuri ni kazi kubwa kama kuuanza.

1. Jinsi nchi ilivyowekwa amana

Kabla ya Vita Kuu vya Kwanza nchi hii ilitawaliwa na Wajerumani. Vita vilipoanza mwaka 1914 vilifika hata miguuni pa mlima wetu. Mtu akisimama Mwika akatazama chini upande wa mashariki huona nyanda za Taveta. Kwa njia ile majeshi ya Waingereza, pamoja na askari wa Afrika Kusini, yaliingia mwezi wa Machi 1916 na kuuchukua mji wa Moshi. Hata vita vilipokwisha mwaka 1918, palizuka swali: nchi zilizokuwa za Wajerumani ni za nani sasa?

Desturi ya zamani ilikuwa kwamba mshindi huchukua. Safari hii mataifa yalisema neno jingine. Katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 Ujerumani iliyaacha makoloni yake yote. Mataifa yaliyounda Shirikisho la Mataifa yakapatana kwamba nchi hizo zisihesabiwe kuwa ngawira, bali ziwe amana. Kila moja ikabidhiwe taifa fulani, nalo liishike kwa niaba ya mataifa yote. Wabelgiji walipewa Ruanda na Urundi. Waingereza walipewa sehemu iliyobaki iliyo kubwa, nayo mwaka 1920 ikaitwa Tanganyika. Hati ya agizo hilo ilithibitishwa na Baraza la Shirikisho tarehe 20 Julai 1922.

Hati ile ilimfunga mlezi kwa masharti. Ilimpasa akomeshe biashara ya watumwa, aziangalie haki za wenyeji juu ya ardhi yao, asijenge ngome za vita, wala asiwafundishe wenyeji uaskari ila kwa ajili ya polisi na ulinzi wa nchi yenyewe. Tena kila mwaka ilimpasa kupeleka taarifa mjini Geneva, ambako palikuwa na tume maalum ya kuzisoma na kuuliza maswali.

Masharti hayo yalikuwa mema, lakini yalikuwa na upungufu. Wenye nchi hawakuulizwa kama wamtaka mlezi huyu au yule. Mtu mwenye malalamiko aliweza kuandika, lakini barua yake ilipaswa kupitia mikononi mwa serikali ile ile aliyoilalamikia. Tume ya Geneva nayo haikutuma watu waje kuitazama nchi kwa macho. Na zaidi ya hayo yote, hati haikutaja siku ya kurudisha.

2. Mlezi apata mtu wa kumwuliza

Shirikisho la Mataifa halikuweza kuzuia Vita Kuu vya Pili, vilivyoanza mwaka 1939 na kwisha mwaka 1945. Mahali pake pakaundwa Umoja wa Mataifa, tarehe 24 Oktoba 1945. Zilizokuwa nchi za amana zikaanza kuitwa nchi za udhamini, na tarehe 13 Desemba 1946 Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa uliikubali hati mpya ya Tanganyika. Waingereza walibaki kuwa walezi, lakini masharti yalizidi.

Kwanza, katiba ya Umoja wa Mataifa ilisema wazi ya kwamba mwisho wa udhamini ni nchi kujitawala. Pili, liliwekwa Baraza la Udhamini huko New York, na mtu ye yote wa nchi ya udhamini aliweza kulipelekea malalamiko yake moja kwa moja, au hata kwenda kusema mbele yake. Tatu, Baraza lilituma wajumbe waje kuizunguka nchi na kusikiliza watu. Wajumbe hao walifika Tanganyika mwaka 1948, kisha 1951, 1954, 1957 na 1960.

Jirani zetu wa Meru walikuwa miongoni mwa waliotumia njia hiyo. Mwaka 1951 serikali iliwahamisha kwa nguvu watu wapata 3,000 kutoka Ngare Nanyuki, ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu wafugie ng'ombe. Nyumba zilichomwa moto. Wameru hawakushika mikuki, bali walichanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet aende New York mwaka 1952 kuwasemea. Aliyewasaidia katika sheria alikuwa wakili Earle Seaton, mtu wa Bermuda aliyefanya kazi yake Moshi.

Je, walipata walichoomba? La, hawakukipata wakati ule. Katika Mkutano Mkuu azimio la kuwatetea lilikosa theluthi mbili za kura zilizotakiwa. Hata hivyo safari ile haikuwa bure. Mataifa mengi yalisikia, na habari zake zikaenea katika nchi yetu. Watu wakafahamu kwamba mlezi si mwenye mali, tena kwamba yuko mtu awezaye kumwuliza, "Umefanyaje na ulichokabidhiwa?"

3. Swali la siku

Wajumbe waliokuja mwaka 1954 waliandika katika taarifa yao neno ambalo serikali ya Uingereza haikulipenda. Walisema yafaa kuweka muda. Walikadiria kwamba Tanganyika yaweza kujitawala baada ya miaka 20 mpaka 25, au hata kabla ya hapo. Waingereza walijibu kwamba siku haiwezi kutajwa, maana haijulikani watu watakuwa tayari lini.

Tulifikirini jibu hilo. Kwa juujuu laonekana kuwa la busara. Ni nani atakayempa mtoto kihamba kabla hajakomaa? Lakini mwalimu awajua wanafunzi wake. Akiwaambia, "Mtihani utafanywa mtakapokuwa tayari," wengi hawatakuwa tayari kamwe. Akiwaambia, "Mtihani ni mwezi wa Novemba," vitabu hufunguliwa jioni ile ile. Siku ikiisha kutajwa, mlezi naye hubanwa. Humpasa kujiuliza ni waganga wangapi, mahakimu wangapi na maofisa wangapi watakaohitajiwa siku ile, na waanze kufundishwa lini. Kazi isiyo na siku ya mwisho haina hata siku ya kuanza.

Mwaka ule ule, tarehe 7 Julai 1954, chama cha TANU kiliundwa mjini Dar es Salaam. Rais wake alikuwa Julius Nyerere, mwalimu wa shule ya Pugu. Tarehe 7 Machi 1955 alisimama mbele ya Baraza la Udhamini huko New York. Alisema kwa upole na kwa hoja, wala hakuwatukana Waingereza. Aliomba itangazwe wazi kwamba Tanganyika, ingawa ina watu wa asili mbalimbali, itakuwa hasa nchi ya Waafrika. Aliporudi aliacha kazi ya ualimu, akaishika kazi hiyo moja tu.

Wajumbe walikuwa wametaja miaka 20 au 25. Watu walipojipanga na kuazimia, yalitosha miaka saba.

4. Ngazi za kukabidhi

Tazameni sasa jinsi nchi ilivyokabidhiwa. Haikukabidhiwa kwa siku moja. Ilikuwa kama kupanda ngazi, na kila kidato kilikuwa na kazi yake.

Kidato cha kwanza kilikuwa uchaguzi. Mwezi wa Septemba 1958, na tena Februari 1959, wananchi waliotimiza masharti walipiga kura kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Utaratibu ulikuwa wa ajabu. Kila mpiga kura alipaswa kuchagua watu watatu, yaani Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi katika TANU waliuchukia utaratibu huo, lakini katika mkutano wa Tabora wa mwaka 1958 chama kiliamua kuingia katika uchaguzi na kuubadili mambo kutoka ndani. Wagombea waliokubaliwa na TANU wakashinda.

Kidato cha pili kilikuwa kujifunza kazi ya uwaziri. Tarehe 1 Julai 1959 wajumbe watano waliochaguliwa waliingia serikalini kuwa mawaziri. Nao ni Chifu Abdallah Fundikira, George Kahama, Solomon Eliufoo, Amir Jamal na Derek Bryceson. Solomon Eliufoo alikuwa mwalimu, mtu wa Machame katika mlima wetu huu, naye alipewa Wizara ya Afya. Wakati ule Gavana bado alikuwa mkuu wa yote, na maofisa wa Kiingereza walikaa katika meza ile ile. Basi mawaziri wapya walijifunza kazi huku mlezi yungali pale, wakaweza kuuliza, na kukosea, na kusahihisha.

Kidato cha tatu kilikuwa serikali ya wengi. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Mwezi wa Septemba Nyerere alifanywa Waziri Kiongozi, na mawaziri waliochaguliwa wakawa wengi kuliko maofisa wa Gavana.

Kidato cha nne kilikuwa mapatano. Mwezi wa Machi 1961 waziri wa makoloni wa Uingereza, Iain Macleod, alikuja Dar es Salaam kukutana na viongozi wa nchi katika jumba la Karimjee. Kwa siku chache walikubaliana juu ya katiba na tarehe. Tarehe 1 Mei 1961 Tanganyika ilianza kujitawala katika mambo ya ndani, naye Nyerere akawa Waziri Mkuu. Yaliyobaki mikononi mwa Gavana yalikuwa hasa ulinzi na mambo ya nchi za nje.

Kidato cha tano husahauliwa na wengi. Mlezi hakuweza kuifunga hati peke yake, maana hakujipa amana ile mwenyewe. Kama vile wazee wanavyoshuhudia kihamba kikirudishwa, mataifa nayo yalipaswa kushuhudia. Basi mwezi wa Aprili 1961 Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa uliazimia kwamba udhamini wa Tanganyika utakoma siku nchi itakapopata uhuru. Kwanza ilitajwa tarehe 28 Desemba, kisha ikakubaliwa iwe mapema zaidi, tarehe 9 Desemba 1961.

Usiku wa kuamkia siku ile bendera ya Uingereza ilishushwa, na bendera ya Tanganyika ikapandishwa. Wakati huo huo Luteni Alexander Nyirenda aliwasha mwenge juu ya kilele cha Kibo na kuisimika bendera mpya thelujini. Tarehe 14 Desemba 1961 Tanganyika ikaingizwa katika Umoja wa Mataifa, ikawa mwanachama wake wa 104. Iliyokuwa ikijadiliwa katika baraza lile sasa ilipewa kiti chake. Hata baada ya hapo kidato kimoja kilibaki. Kwa mwaka mzima Sir Richard Turnbull, aliyekuwa Gavana, alikaa kuwa mwakilishi wa Malkia wa Uingereza, mpaka Tanganyika ilipokuwa Jamhuri tarehe 9 Desemba 1962.

5. Ng'ambo ya ziwa

Ili tujue thamani ya ngazi ile, na tuvuke Ziwa Tanganyika tutazame upande wa magharibi. Kongo haikuwa nchi ya udhamini. Ilikuwa koloni la Wabelgiji, wala hapakuwa na baraza la kuwauliza mwaka kwa mwaka. Kwa muda mrefu Wabelgiji walidhani watatawala kwa miaka mingi bado, wakajenga reli na migodi na shule za chini, lakini hawakuwaandaa wenyeji kwa kazi za juu. Mwaka 1959 watu wa Leopoldville waliinuka kudai uhuru. Katika mkutano wa Brussels wa mwanzo wa mwaka 1960 ilikubaliwa kwamba nchi ile kubwa ipate uhuru tarehe 30 Juni ya mwaka ule ule. Muda wa kujiandaa ulikuwa miezi mitano tu.

Siku ya uhuru ilifika. Katika jeshi lote la Kongo, lenye askari kama 25,000, hapakuwa na ofisa Mwafrika hata mmoja. Tarehe 5 Julai, kabla ya juma kwisha, askari waliasi. Maofisa na makarani wa Kibelgiji walikimbia kwa maelfu, na kazi zikasimama. Tarehe 11 Julai jimbo la Katanga lilijitangaza kuwa limejitenga. Serikali changa ya Patrice Lumumba iliomba msaada, na tarehe 14 Julai 1960 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliamua kupeleka walinzi wa amani. Walifika karibu 20,000, wakakaa miaka minne, wakaondoka tarehe 30 Juni 1964. Katika miaka hiyo Lumumba aliuawa, na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, alikufa katika ndege iliyoanguka karibu na Ndola mwezi wa Septemba 1961, alipokuwa akienda kutafuta amani ya Kongo.

Hilo ndilo kosa la pili tulilolitaja mwanzo, yaani kurudisha ghafula. Wakongo walikuwa na haki ya uhuru, na haki hiyo haikupaswa kucheleweshwa. Kosa halikuwa kutoa uhuru mapema. Kosa lilikuwa kuchelewa kuanza kuwaandaa watu.

6. Funguo zilizobaki mfukoni

Lakini tusijisifu kupita kiasi, maana hata kwetu kazi ya kukabidhi haikukamilika. Palibaki ufunguo mmoja, nao ulikuwa jeshi. Miaka miwili baada ya uhuru maofisa wengi wa Tanganyika Rifles walikuwa Waingereza bado. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, karibu na Dar es Salaam, waliasi. Walidai mshahara zaidi, tena walidai kuongozwa na maofisa Waafrika. Mji uliingia hofu. Serikali ikalazimika kuomba msaada wa Waingereza, na tarehe 25 Januari askari wao wakatelemka kutoka manowari na kuyatuliza maasi kwa muda mfupi.

Mwalimu Nyerere aliona uchungu kwamba nchi huru imemwita tena mlezi wa zamani aje kuilinda. Akawaita mawaziri wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika wakutane Dar es Salaam mwezi wa Februari. Kwa mapatano yao Nigeria ilileta askari wake, ili Waingereza waondoke. Askari wa Nigeria walikuja kwa kazi iliyojulikana: kulinda nchi mpaka jeshi jipya liundwe. Tanzania ikachagua vijana wapya, ikaunda Jeshi la Wananchi mwezi wa Septemba 1964. Na Wanigeria, kazi yao ilipokwisha, walifunga mizigo yao wakarudi kwao mwaka ule ule.

Huo ni mfano mdogo wa ulinzi wa amani, tena ni mfano mwema. Aliyelinda alialikwa na mwenye nyumba. Kazi yake ilikuwa na mpaka. Na alipokuwa akilinda, mwenye nyumba hakulala, bali alikuwa akijenga mlango wake mwenyewe.

7. Walinzi wa amani wa siku zetu

Udhamini wa namna ya Tanganyika umekwisha duniani. Nchi zilizokuwa chini yake zilikuwa 11, na ya mwisho, visiwa vya Palau katika Bahari ya Pasifiki, ilipata uhuru mwaka 1994. Mwaka huo huo Baraza la Udhamini liliiacha kazi yake. Lakini kazi ya kulinda amani haikukoma, na swali lake ni lile lile: mlinzi ataondokaje?

Kongo yenyewe ndiyo inayotufundisha tena. Baada ya vita vipya, Umoja wa Mataifa ulianza kupeleka walinzi huko tangu mwaka 1999, na tangu mwaka 2010 ujumbe wao unaitwa MONUSCO. Mwaka 2013 Tanzania, pamoja na Afrika Kusini na Malawi, ilipeleka askari katika kikosi kilichopewa amri ya kupambana na makundi yenye silaha, na mwezi wa Novemba mwaka huo waasi wa M23 walishindwa. Kazi hiyo ilikuwa na gharama ya damu. Mwezi wa Desemba 2017 kituo cha walinzi katika Kivu ya Kaskazini kilishambuliwa, na zaidi ya askari 10 wa Tanzania waliuawa katika usiku mmoja.

Miaka ilipozidi, watu wengi wa mashariki ya Kongo walichoka. Walisema, "Walinzi wako hapa, na sisi twauawa bado." Serikali yao ikaomba walinzi waondoke. Mwezi wa Desemba 2023 Baraza la Usalama lilikubali waondoke hatua kwa hatua, jimbo baada ya jimbo. Tarehe 28 Februari 2024 kambi ya Kamanyola ilikabidhiwa polisi wa Kongo, na kufikia mwisho wa Juni mwaka huo walinzi walikuwa wameondoka katika Kivu ya Kusini. Katika majimbo mengine vita vilizidi, na mpango wa kuondoka ukasimamishwa. Mwezi wa Januari 2025 waasi wa M23, waliokuwa wameinuka tena, waliuteka mji wa Goma. Na mwezi wa Februari wakauteka Bukavu, mji mkuu wa Kivu ya Kusini.

Habari hii ni ya huzuni, nayo yatuonya tusidhani kwamba tarehe na karatasi zatosha. Ngazi yaweza kuchorwa vizuri, lakini mtu wa kupokea asipokuwa na nguvu, na jirani mwenye silaha asipozuiwa, kilichokabidhiwa hunyang'anywa.

8. Tujifunze nini

Basi, wanafunzi, tukusanye tuliyoyaona. Ulinzi wa mataifa, kama ulezi wa kihamba, huisha vizuri kwa mambo manne. Uwe na siku, ili kila mtu ajue kazi yapaswa kwisha. Uwe na mpokeaji aliyeandaliwa, naye aifanye kazi wakati mlezi yungali karibu. Kitolewe kitu chenyewe wala si jina lake tu. Yaani hazina, mahakama, polisi na jeshi. Tena wawepo mashahidi wa kumwuliza mlezi, na wa kumtazama jirani mwovu baada ya mlezi kuondoka.

Lakini liko neno kubwa kuliko hayo. Tanganyika haikuwekewa siku na mlezi wake kwa hiari yake. Siku ilipatikana kwa sababu watu waliuliza. Wameru walichanga fedha zao wakamtuma mtu wa kuwasemea. Mwalimu wa Pugu aliacha mshahara wake. Wapiga kura walisimama foleni hata walipouchukia utaratibu wa kura yenyewe. Mrithi asiyeuliza hukuta kihamba kimekuwa cha mwingine. Na anayetaka kuuliza lazima ajifunze kwanza kusoma hati, kuhesabu, na kusema kweli bila matusi. Kwa ajili hiyo shule zilijengwa, na kwa ajili hiyo mnaketi katika madawati haya.

Maswali

1. Kuna tofauti gani kati ya ngawira na amana?
2. Taja mapungufu mawili ya utaratibu wa Geneva ambayo yalisahihishwa baada ya mwaka 1946.
3. Kwa nini ni vema siku ya mwisho itajwe kabla watu hawajawa tayari kabisa?
4. Andika kwa taratibu yake vidato vitano vya kukabidhi Tanganyika.
5. Linganisha jeshi la Kongo la mwaka 1960 na jeshi la Tanganyika la Januari 1964. Katika mambo gani yalifanana?
6. Waulize wazee wa kwenu jinsi kihamba cha yatima kinavyolindwa, kisha uandike kwa maneno yako mwenyewe jinsi kinavyorudishwa.